Uso Kwanza, Maua Baadaye

Sisi watoto wa Tandika tuliijua video kabla ya televisheni. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya sabini, lakini huku Bara hapakuwa na kituo hata kimoja mpaka mwaka 1994, vituo vya watu binafsi vilipoanza kurusha matangazo Dar es Salaam. Kabla ya hapo, seti iliyokuwa sebuleni kazi yake ilikuwa moja tu, kuchomekwa kwenye deki. Mwenye deki ndiye aliyekuwa na sinema, na mwenye sinema alikuwa na watoto wa mtaa mzima barazani kwake.

Kibanda chetu kilikuwa cha mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia, mabenchi yamebanana mpaka magoti ya wa nyuma yanagusa mgongo wa wa mbele. Kanda zilizofika pale zilikuwa nakala ya nakala. Mkanda wa VHS hata ukiwa mpya hauna undani mwingi wa picha, takriban mistari 240 tu kwa upana, na kila unapounakili kutoka deki moja kwenda nyingine unapungua tena. Nyekundu inavuja nje ya nguo, chenga zinaingia, nyuso zinakuwa kivuli. Kwa unyevu wa Pwani, kanda iliyokaa kabatini msimu mzima wa mvua inaota ukungu mweupe juu ya utepe. Ilifika mahali hujui mpiganaji amevaa nini.

Hakuna aliyeondoka. Kilichotujaza mle ndani ni sauti ya msimulizi, aliyekaa na maikrofoni akitafsiri Kichina, Kihindi na Kiingereza kuwa Kiswahili cha mtaani, akiongeza chumvi yake njiani. Dar es Salaam nzima ilimjua Lufufu, ambaye jina lake ni Derek Mukandala. Baadaye sauti za wasimulizi kama yeye zilirekodiwa humo humo kwenye kanda, watu wakawa wanakodi na kwenda nazo nyumbani. Mwenye duka aliyekupa mkanda wenye picha mbovu na sauti safi hukurudi kugombana naye. Aliyekupa picha safi na sauti inayokwaruza, siku hiyo hiyo ulimrudishia.

Nimeifanya kazi ya picha karibu utu uzima wangu wote, na hili ninaloliamini lilianzia pale kibandani: ukibana picha, yaani ukilipunguza faili lake, unaamua kipi kisiguswe. Mashine haiwezi kujua. Mwenye picha ndiye anayejua, na lazima umuulize.

Nilipomaliza shule nilivuka mji kwenda Mwananyamala, kujifunza kwa fundi mmoja aliyepiga video za harusi, sendofu na kicheni pati. Enzi hizo kamera za MiniDV ndizo zilikuwa zimeshika soko. Kanda yake ni ndogo, inaingia kwenye mfuko wa shati, lakini saa moja ya picha ukiiingiza kwenye kompyuta inakula gigabaiti kama 13. Harusi moja, kuanzia kumtoa bibi harusi saluni mpaka keki, ilikuwa na kanda kadhaa. Mteja naye alitaka VCD, kwa sababu deki za VCD kutoka Kariakoo zilikuwa zimeingia kila nyumba.

VCD haikukupa nafasi ya kujadiliana. Picha ni pikseli 352 kwa 288, na kila sekunde imetengewa kilobiti 1,150, upende usipende. Mzee akisimama kimya kutoa nasaha anapata 1,150. Ukumbi mzima ukiinuka kumtunza bibi harusi, noti juu, vitenge na nguo za kung'aa zinazunguka chini ya taa za rangi, wanapata 1,150 hizo hizo. Hapo ndipo picha inapovunjika vibokisi vibokisi, na watu waliochangia harusi ile kwa kadi na kwa jasho hawajioni.

Fundi wangu alikuwa na neno lake: "Linda uso, dogo. Maua hayana mama wa kuja kulalamika." Na alilifanyia kazi tangu ukumbini, kabla kompyuta haijawashwa. Hakumsimamia mtu mbele ya pazia lenye taa zinazowakawaka kama angeweza kumsogeza hatua mbili pembeni. Kamera aliiweka kwenye miguu yake mitatu kila alipopata nafasi. Taa ndogo aliielekeza usoni. Nilidhani ni mambo ya urembo, mpaka aliponieleza kinachofanyika ndani ya faili.

Video iliyobanwa haihifadhi kila picha nzima. Inahifadhi picha moja kamili, kisha kwa picha kadhaa zinazofuata inaandika kilichobadilika tu. Ukuta ukitulia, hauandikwi tena. Mkono wa mpiga picha ukitetemeka, kila kitu kimehama, ukuta, viti, maua, na kilobiti zako zinakwisha kwa kuandika upya vitu ambavyo hakuna anayevitazama. Giza nalo ni mlaji mkubwa, maana kamera ikikosa mwanga inajaza chenga, na chenga hazifanani kati ya picha moja na nyingine. Kompyuta haijui kuwa ni uchafu. Inazihifadhi kwa uaminifu ule ule inaouhifadhia uso wa mama wa bwana harusi.

Sehemu nyingine ya kazi ilikuwa kukata. CD inabeba dakika sabini na kitu, kwa hiyo harusi ilitoka diski mbili au tatu, kama filamu zetu za Bongo zilivyouzwa sehemu ya kwanza na ya pili. Fundi hakukubali diski iishie katikati ya nasaha za baba. Afadhali diski ya kwanza iwe na nafasi tupu mwishoni.

Halafu kulikuwa na umeme. Mwaka 2006 mvua zilikuwa zimegoma, bwawa la Mtera likashuka, mgao ukawa wa kutwa. Kompyuta zetu zilikuwa polepole, harusi moja kuigeuza kuwa DVD ilichukua usiku kucha, na umeme ukikatika saa kumi alfajiri unaanza upya. Fundi akawa anaigawa kazi vipande vya dakika kumi kumi, kila kipande faili lake, kisha anaviunga mwishoni. Tuliokota kilichosalimika na kuendelea. Mpaka leo kazi ndefu naigawa hivyo, ingawa nina betri ya akiba.

Simu zilipoanza kucheza video, karibu katikati ya muongo ule, wateja walirudi na ombi jipya: "Niwekee harusi yangu kwenye simu." Faili lilikuwa la 3GP, pikseli 176 kwa 144. Ukizidisha, ni pikseli 25,344. Picha ya DVD yetu ilikuwa na 414,720, zaidi ya mara kumi na sita. Kadi za kumbukumbu zilikuwa ndogo na ghali. Ukiiweka harusi nzima vile ilivyo, bibi harusi anakuwa doa jeupe linalotembea na ukumbi ni madoa mengine. Nilichokuwa nafanya ni kutompa mteja harusi nzima. Nilimuuliza anataka kumwonyesha nani na nini, kisha nikachagua sehemu zilizopigwa karibu: kuvishana pete, baba akilia, shangazi akiimba. Nikazikata pembeni ili uso ujaze kioo kile kidogo. Sekunde kama arobaini za uso zilikuwa zinatembea Mwananyamala nzima kwa bluetooth, kutoka simu hadi simu, wakati DVD ya saa tatu imelala kabatini.

Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam kupitia baharini. Wengi tuliamini kazi ya kubana imekwisha, kila mtu atatazama moja kwa moja kwenye intaneti. Intaneti kweli ilipata kasi, ila bando lilibaki kitu cha kuhesabiwa. Mtu wa Mbagala anayenunua bando la siku hawezi kulimaliza lote kwa harusi ya binamu yake. Kwa hiyo picha ziliendelea kusafiri kwa mkono: flashi, memori kadi, na baadaye kurushiana kwa Xender, ambayo hailitumii bando kabisa. Wakati huo nilikuwa nimerudi Temeke na kufungua pangu, Mbagala, jirani na kituo cha daladala. Niliweka sharti moja tangu mwanzo: nabadili picha ya mteja mwenyewe, harusi yake, kwaya yake, mawaidha ya msikiti wake, masomo yake. Filamu za watu sigusi. Waliozitengeneza tunaishi nao mji mmoja, na tuliona soko lao lilivyoliwa na nakala, hata baada ya stempu za kodi kuanza kubandikwa kwenye CD na DVD mwaka 2013.

Kisha vikaja vishikwambi. Vya kwanza tulivyoviona huku vilikuwa vya inchi saba, vya bei nafuu kutoka China, kioo pikseli 1024 kwa 600. Kwangu yalikuwa mabadiliko makubwa kuliko yote, kwa sababu mbili. Kioo kilitosha watu watatu kuketi na kutazama pamoja. Na kwa mara ya kwanza kipimo kilikuwa mikononi mwangu. VCD iliniamulia kila kitu. Faili la MP4 lenye kodeki ya H.264, yaani njia yake ya kubana na kufungua picha, lilinipa uhuru wa kusema upana kiasi gani, kilobiti ngapi, fremu ngapi kwa sekunde, sauti nene au nyembamba.

Hesabu yake si ngumu na ningependa kila mpiga video aijue. Kilobiti kwa sekunde, mara sekunde, gawa kwa nane, unapata kilobaiti. Video ya kilobiti 1,000 kwa saa moja ni megabaiti 450. Sauti ya kilobiti 128 kwa saa hiyo hiyo ni kama 58. Harusi ya saa mbili kwa kilobiti 1,500 na sauti ya 128 inakuwa karibu gigabaiti moja na nusu. Mteja akija na kadi yake, naweza kumwambia itaenea au haitaenea kabla sijagusa kompyuta.

Ila hesabu hiyo inaipa nasaha na ngoma mgao mmoja, kama VCD. Programu ya HandBrake, ambayo hailipiwi, ilinifundisha njia ya pili. Unaiambia ubora unaoutaka kwa namba, nayo inatumia kilobiti nyingi pale panapohitaji na chache pale palipotulia. Namba ndogo ni picha safi zaidi na faili kubwa zaidi. Kwa kishikwambi huwa nakaa kati ya 21 na 24. Ukiishusha namba kwa sita, ukubwa unakaribia kuwa maradufu, na kwenye kioo cha inchi saba jicho halioni faida hiyo. Hasara ya njia hii ni kwamba hujui mapema faili litatoka na ukubwa gani. Kwa hiyo najaribu kwanza kipande cha dakika moja, na sichagui nasaha. Nachagua pale watu wanapotunza. Kipande hicho kikitoka na nyuso, harusi yote itatoka nazo.

Kanda za MiniDV za zamani zilileta shida yake zilipofika kwenye kishikwambi. Televisheni za zamani zilichora picha kwa mafungu mawili, mistari ya shufwa kisha ya witiri, fungu moja likiwa limechelewa kidogo. Kwenye televisheni huoni kitu. Kwenye kioo cha kishikwambi mafungu yote yanatokea kwa pamoja, na mkono wa bibi harusi unaopunga unaota meno kama ya chanuo. Kuna kichujio cha kuondoa hali hiyo, na lazima kiwekwe kabla ya kubana. Ukichelewa, yale meno yanabanwa pamoja na mkono na hayatoki tena.

Jambo lililowasumbua wateja kuliko lolote ni kadi inayokataa faili huku ina nafasi. Kadi ya gigabaiti 32 iko nusu tupu, harusi ni gigabaiti tano, na kompyuta inasema faili ni kubwa mno. Kadi nyingi za ukubwa huo zinakuja zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalozidi gigabaiti nne. Nimewaona watu wakinunua kadi nyingine kwa sababu hiyo. Dawa ni kuigawa harusi mara mbili, au kuibana chini ya nne.

Na kodeki mpya siipokei kwa haraka. H.265 ilitoka mwaka 2013, na kwa ubora ule ule faili linaweza kushuka hadi karibu nusu ya lile la H.264. Vijana wanaokuja kujifunza kwangu wanaitaka. Lakini kishikwambi cha bei nafuu kisicho na kifaa cha ndani cha kuifungua kinailazimisha prosesa yake kufanya kazi yote. Picha inaganda, mgongo unapata moto, betri inaisha kabla ya keki. Bibi aliyekaa kuangalia harusi ya mjukuu hana haja na megabaiti tulizookoa. Namwambia mteja aje na kifaa chenyewe, tukijaribu pale pale kaunta.

Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona, na masomo yakahamia redioni na kwenye televisheni. Wazazi wa Charambe na Chamazi wakaanza kuniuliza kuhusu masomo, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Miaka miwili baadaye, baada ya Sensa ya tarehe 23 Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viligawiwa kwa walimu. Ghafla walimu wa wilaya nzima walikuwa na kifaa chenye kioo kizuri, na wenye bidii wakaanza kujirekodi wakifundisha.

Mwalimu mmoja wa hesabu alikuja na kipindi cha dakika arobaini alichokirekodi kwa simu. Simu inayopiga picha ya pikseli 1920 kwa 1080 hutumia kama kilobiti 17,000 kwa sekunde, kwa hiyo kipindi kile kilikuwa gigabaiti tano. Alitaka kuwarushia walimu wenzake na wanafunzi waliokosa.

"Fundi, nibanie mpaka ikae ndogo kabisa," akasema.

"Mwalimu, nioneshe kwanza kitu ambacho mwanafunzi asipokiona somo limekufa."

Akaipeleka video mbele, akasimamisha, akaweka kidole kwenye ubao. Ilikuwa x ya kipeo cha pili, ile mbili ndogo ya juu, kwa chaki nyeupe.

Hapo fundi wangu wa Mwananyamala asingekuwa na jibu lake la kawaida, maana katika somo lile uso ndio ulikuwa maua. Upana niliushusha hadi pikseli 1280 kwa 720 tu, kwa sababu chini ya hapo ile mbili ndogo inageuka nukta. Fremu nilizipunguza kutoka 30 hadi 15 kwa sekunde, kwani ubao hauendi popote. Chenga za chumba cha giza nilizisafisha kwa kichujio chepesi, nikikiangalia kisifute chaki. Sauti niliifanya ya njia moja, kilobiti 64, inayotosha kabisa kwa maneno ya mwalimu. Video ikakaa kwenye kilobiti kama 500. Gigabaiti tano zikawa megabaiti zisizozidi 170, na ile mbili ikabaki mbili. Kipindi kilichofuata alikirekodi simu ikiwa imefungwa kwenye kigoda juu ya dawati, mbele ya dirisha lililo wazi, na faili likatoka dogo zaidi kwa mipangilio ile ile.

Kinachonisikitisha sasa ni picha zinazonifikia zikiwa zimeshabanwa na mtu asiyeulizwa. WhatsApp kwa miaka mingi ilikuwa na kikomo cha megabaiti 16 kwa video, nayo inapunguza yenyewe bila kujua wala kujali kipi kisiguswe. Mtu analeta mazishi ya baba yake yaliyopita kwenye makundi matatu ya ukoo, na anataka niyasafishe. Kilichotupwa hakirudi. Naweza kulainisha vibokisi, siwezi kuurudisha uso. Ndiyo maana nawasihi wote wanaokuja dukani: ile ya asili iwekeni kwenye diski mahali pakavu, ndogo ndiyo itembee. Na kama lazima ipite WhatsApp, itumwe kama waraka, ambao haubanwi.

Mwezi uliopita mwalimu yule alimleta mwenzake wa fizikia. "Fanya kama ulivyonifanyia mimi," akaagiza. Nikamuuliza mgeni wake video ina nini. Ilikuwa pendulamu, jiwe limefungwa kwenye uzi, na wanafunzi walitakiwa kuhesabu mizunguko na kuipima kwa saa. Kwa fremu 15 jiwe lingekuwa linaruka kutoka upande hadi upande, na mwanafunzi asingejua lilipofika mwisho. Tukaziacha fremu zote 30. Ubao haukuwepo kabisa, kwa hiyo upana tukaushusha hadi pikseli 854 kwa 480, kilobiti 700, na dakika zake kumi zikatoka megabaiti 57. Akasimama kaunta na kishikwambi chake, akahesabu mizunguko ishirini kwa sauti huku anaangalia saa ya mkononi, kisha akaomba nakala tatu.